Sura ya Sita: Kobe Wawili, Ua Mmoja

Mtu akishakuwa na kobe mmoja, wa pili huwa njiani. Anayeanza ni jirani: anamkuta kobe amejibanza nyuma ya tangi la maji, anatikisa kichwa, anasema maskini huyu hana mwenzake. Watoto nao wanadakia. Haupiti muda, shemeji aliyekwenda Masindi anarudi na gunia kwenye buti la gari, na ndani ya gunia mna kobe aliyeokotwa barabarani. Sasa wako wawili, na nyumba nzima imeridhika isipokuwa kobe wenyewe.

Huruma hiyo ni ya kibinadamu, ila imepotea njia. Kobe hakulelewa na mtu. Mama yake alichimba shimo, akataga, akafukia, akaenda zake. Mayai ya kobe wa madoa, huyu mwenye gamba la manjano na mabaka meusi kama ya chui, hukaa ardhini miezi minane na mara nyingine zaidi ya mwaka, na mtoto akianguliwa hujifukua mwenyewe bila kumwona mzazi. Tangu hapo hakuna kundi analolitafuta. Wakubwa hukutana dimbwini, kwenye majani mabichi baada ya mvua au wakati wa kupandana, kisha kila mmoja hushika njia yake. Watafiti waliowafunga kobe wa madoa vifaa vya kutuma mawimbi katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, waliwakuta wakizunguka eneo la zaidi ya hekta 100 kwa mmoja. Kiwanja cha kawaida cha Kampala ni futi 50 kwa 100, na humo kuna nyumba, gari, tangi na kamba za nguo.

Tofauti hiyo ya ukubwa ndiyo kiini cha sura hii. Ugomvi wa nyikani huisha kwa mmoja kuondoka. Uani hakuna pa kuondokea. Yule aliyeshindwa asubuhi atamkuta mshindi wake tena saa sita, na jioni, na kesho, mpaka mmoja afe au mtu aingilie kati.

Madume wawili wakikutana, hawaanzi kwa kuumana. Mwenye nguvu husimama, hunyoosha shingo, hutikisa kichwa juu na chini, kisha hukivuta ndani na kujirusha mbele kwa uzito wake wote. Ko! Hurudi nyuma kidogo. Ko! Ukiwa sebuleni utadhani fundi anavunja tofali. Chini ya shingo yake gamba la tumbo limechomoza mbele kidogo, na hiyo ndiyo silaha: huipenyeza chini ya ubavu wa mwenzake na kunyanyua. Aliyepinduliwa kwenye nyasi na udongo atapiga miguu, atasukuma kwa kichwa, na mara nyingi atafaulu kugeuka. Aliyepinduliwa kwenye vitofali laini vya maegesho, kama vilivyotandazwa siku hizi katika nyua za Muyenga na Kira, hana pa kushika. Matumbo humwelemea mapafu, jua la mchana humchoma upande usio na kinga, na saa chache zinatosha kummaliza.

Ugomvi wa aina hiyo angalau una kelele. Unaonitia wasiwasi zaidi ni ule wa kimya, ambao mwenye nyumba huuita mapenzi. "Hawa hawaachani," atakwambia, akikuonyesha kobe mmoja aliyelala kando ya mwingine. Tazama vizuri. Mmoja amelala mbele ya mlango wa kibanda, mwingine yuko ndani na hawezi kutoka. Chakula kinapowekwa, mmoja hupanda juu ya sahani, akakanyaga mboga kwa miguu ya mbele. Mwingine anangoja kwa mbali, halafu anageuka na kwenda kujificha. Hakuna damu wala kishindo. Baada ya miezi kadhaa mmoja amenenepa na mwingine amekuwa mwepesi kama ganda tupu. Dawa ya kutojidanganya ni mizani. Wapime wote kila wiki, siku ileile, uandike kwenye daftari. Uzito wa mmoja ukipanda huku wa mwenzake ukishuka, usitafute minyoo kwanza, watenganishe.

Jike na dume je? Hapo watu hudhani wamepata jibu, na ndiyo ndoa mbaya kuliko zote. Dume mmoja na jike mmoja katika ua mdogo maana yake ni jike asiyepumzika. Atafukuzwa kutwa, ataumwa miguu ya nyuma, atachubuka karibu na mkia, ataacha kula. Kumtambua dume si kazi: mkia wake ni mrefu na mnene, na gamba la tumbo limebonyea kidogo kwa ndani. Lakini alama hizo hazionekani kwa mtoto. Vitoto viwili ulivyopewa kama "dada" vinaweza kukugeukia miaka ya baadaye vikawa madume mawili, na hapo watoto wako wameshavipa majina ya kike.

Kwa hiyo, kama ungeniuliza, ningepanga hivi. Kobe mmoja peke yake ni mpango kamili. Hana upungufu wowote. Majike matatu au zaidi katika ua mpana hukaa vizuri, ingawa nao wana mwenye nyodo wao. Dume mmoja na majike matatu inawezekana, mradi uwe na kizimba cha pembeni cha kumweka dume miezi anapokuwa msumbufu. Jozi ya jinsia yoyote ni kamari, kwa sababu bughudha yote ya mmoja inamwangukia mmoja. Madume wawili ndani ya ukuta mmoja, hapana.

Kuchanganya jamii mbalimbali za kobe ni kosa la aina nyingine. Uganda ina zaidi ya kobe wa madoa. Kuna kobe wa bawaba, ambao sehemu ya nyuma ya gamba lao hujikunja na kufunga miguu ndani kama mlango. Mmoja wa ukoo huo alipewa jina la Speke, yule Mwingereza aliyefika Jinja mwaka 1862 akitafuta chanzo cha Nile. Kobe wa madoa ni mla nyasi wa nyika kavu. Wale wa bawaba wa misituni wanataka kivuli na unyevu, na katika mlo wao mna uyoga, konokono na jongoo. Ukimpa mmoja anachotaka, umemnyima mwingine. Kubwa zaidi ni maradhi. Kuna virusi vya herpesi na bakteria wa mikoplazma ambao jamii moja huwabeba bila dalili na nyingine wakaiua. Huko Marekani, kobe wa jangwa la Mojave walipoanza kufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa mwishoni mwa miaka ya 1980, kobe wa kufugwa walioachiwa porini walikuwa miongoni mwa waliotuhumiwa kuueneza. Mgeni yeyote basi, hata akionekana mzima kama chuma, akae karantini ng'ambo ya pili ya nyumba kwa miezi mitatu, na chombo chake cha maji kisivuke.

Kila haya yanaposemwa, hakosi mtu wa kuwataja Mzee na Owen. Hadithi yenyewe ni ya kweli. Desemba 2004, wakati wa tsunami, ndama wa kiboko aliokolewa karibu na Malindi, akapelekwa Haller Park, Bamburi, Mombasa. Alipofunguliwa alikimbilia kwa kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aliyeitwa Mzee, akikadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, akajificha nyuma yake. Picha zao zilizunguka dunia. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwanzoni Mzee alifoka na kujaribu kujiondokea, na kwamba mwisho wake walitenganishwa. Owen alikua, na kiboko anayekua ni hatari kwa kila kilicho kando yake, kwa hiyo mwaka 2007 akahamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo. Kwangu mimi, uhodari wa wale watunzaji uko hapo: walijua wakati wa kutenganisha.

Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kina mafunzo makubwa zaidi. Kobe wanne wa Aldabra waliletwa huko kutoka Ushelisheli mwaka 1919 kama zawadi. Walikuwa na kisiwa kizima, wakapata pa kupishana, wakazaana mpaka kufikia kama 200 katikati ya miaka ya 1950. Kisha wakaanza kuibwa, na mwaka 1996 walibaki saba tu. Ndipo wakajengewa boma lenye ulinzi. Ukienda leo utaona wakubwa wanatembea chini ya miti huku vitoto vikikaa kwenye vizimba vyake. Mtoto wa kobe katika njia ya mkubwa hukanyagwa bila kinyongo chochote.

Kabla ya matofali, kuna karatasi. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inasema mnyamapori aliyeko katika makazi yake ya asili ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na kobe hakusahauliwa. Anayetaka kumfuga anahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, ambayo makao yake makuu yako Barabara ya Kira, Kamwokya. Jamii zote za kobe wa nchi kavu zimo katika mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa, na kobe chapati wa miambani Kenya na Tanzania alipandishwa mwaka 2019 hadi daraja la ulinzi mkali kabisa. Ikiwa tayari una kobe aliyekufikia kwa njia za shemeji, nenda ukaulize kabla ya kuulizwa. Kituo cha Entebbe, ambacho wengi bado wanakiita zuu, kilianza mwaka 1952 kikipokea wanyama waliookolewa, na ni mahali pa heshima pa kumkabidhi usiyemmudu.

Sasa nyumba. Vitabu vingi vya ufugaji wa kobe vimeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, na robo tatu ya kurasa zao ni taa: taa ya joto, taa ya miale ya urujuanimno, taa ya kupima saa. Kampala hauhitaji hata moja ukiwa na kobe mzima. Tuko karibu kabisa na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, na jua la asubuhi linampa kobe vitamini D yote anayohitaji kutengeneza mifupa na gamba. Adui wetu sisi ni maji. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua zinakuja Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na usiku baada ya mvua joto hushuka hadi nyuzi 16 au 17. Kobe wa madoa anavumilia baridi kavu. Anavumilia pia joto lenye unyevu. Baridi na unyevu kwa pamoja humpeleka mapafuni, na kwa kuwa hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa, makohozi hubaki humohumo. Ukiona mapovu puani, shingo imenyooshwa na mdomo wazi kila anapovuta pumzi, hilo si la kungoja wiki ipite. Chuo cha tiba ya mifugo kipo Makerere. Uliza daktari mwenye uzoefu na wanyamapori.

Kibanda kiwekwe sehemu ya juu ya ua, na mlango utazame mashariki ili jua la kwanza limkute mlangoni. Sakafu iinuliwe kama sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, kwa maram iliyoshindiliwa, kisha itandikwe nyasi kavu nyingi zinazobadilishwa zikilowa. Mabati matupu ni tanuri saa saba mchana na bomba la matone alfajiri. Weka dari ya mikeka ya mafunjo chini yake, ambayo mjini hapa haikosekani. Kwa mteremko wa vilima vya Kampala, chimba mfereji nyuma ya kibanda. Udongo wetu mwekundu ukishashindiliwa na miguu haunywi maji, na mvua moja ya Aprili inageuza banda zuri kuwa karai.

Kama kobe ni wawili, vibanda ni viwili. Visitazamane. Hili watu huliona anasa, na ndilo linalofanya kazi kuliko kitu kingine chochote. Kati ya vibanda jenga vizuizi vya macho: tuta la udongo, mawe makubwa, kichaka cha mchaichai, mhibiskasi ambao maua yake wataokota na kula. Mnyonge haombi hekta 100; anaomba tu asionekane. Kobe anapozunguka tuta na kumpoteza mwenzake machoni, ugomvi mwingi hufia hapo. Milango ya kibanda cha kobe zaidi ya mmoja iwe miwili, ili aliye ndani asizuiwe na aliyelala nje.

Ukuta uwe wa matofali ya kuchoma, urefu nusu mita, msingi sentimita 30 chini, na upande wa ndani upigwe plasta. Usitumie wavu. Kobe akiona ng'ambo huamini kwamba ng'ambo inafikika, na atasukuma wavu kutwa mpaka pua ichubuke. Pembe za ukuta zizungushwe. Kwenye pembe kali hupanda, huanguka chali, na mara nyingi hakuna anayemwona kwa sababu ni pembeni. Yale maua ya kupendeza na ua wa kienyeji, hasa minyaa yenye utomvu na lantana, yang'olewe ndani ya eneo lake.

Chakula nakipitia haraka. Nyasi ndizo mlo, na paspalum ya bustani inatosha sana ikiwa haijapuliziwa dawa ya magugu wala ya mchwa. Dodo, majani ya viazi na mboga nyingine za sokoni zije kwa zamu. Dodo kila siku si nzuri. Posho, mkate, maharagwe na mabaki ya wali havihusiki naye. Duka lolote la chakula cha kuku litakuuzia makombe yaliyosagwa kwa ajili ya kalsiamu. Zile nundu za piramidi zinazoonekana kwenye magamba ya kobe wengi wa kufugwa zilidhaniwa zamani kuwa ni za protini tu, lakini utafiti uliofanywa Vienna na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ukavu wa hewa wakati wa utoto una mchango mkubwa zaidi. Kwa hilo watoto wa kobe wa Kampala wamebahatika. Sahani ziwe nyingi kuliko kobe, na ziwekwe mbalimbali. Maji yawe kwenye chombo kipana na kifupi, maana kobe hunywa kwa kuzamisha kichwa na ataingia mzima kama anaweza.

Katika maadui, mbwa wa nyumbani ni wa kwanza. Hamchukii kobe, anamtafuna kama mfupa. Vitoto vinahitaji kizimba chenye kifuniko, kwa kuwa juu kuna kunguru na kaloli wanaongoja kwenye kila jalala la mji huu, na chini kuna panya, kenge na siafu. Siafu wakipita usiku hawabakishi mtoto.

Kisha kuna kupe, na hapa naomba usome polepole. Mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingizwa kwa kobe wa madoa na baadhi ya jamaa zake kutoka Afrika, kwa sababu kupe wao wanaweza kubeba ugonjwa wa maji ya moyo unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ni haki basi kuwaondoa. Lakini katika nchi ya wafugaji kama yetu, kila nyumba yenye shamba kijijini ina chupa ya ivermektini kwenye kabati, na mtu mwenye nia njema huona hakuna ubaya kumchoma kobe kidogo. Dawa hiyo humpooza kobe na kumuua, hata kwa kipimo ambacho ndama hakihisi. Kupe wa kobe ang'olewe kwa kibano, mmojammoja. Ni kazi ya nusu saa.

Linalobaki ni la mkataba wa nyumba. Wengi wetu mjini ni wapangaji, na kodi yetu ni ya miezi michache; kobe wa madoa anaweza kuishi miaka 50 na kuendelea. Ukuta wa nusu mita na vibanda viwili havibebwi kwenye pikapu. Mwenye nyumba ajue tangu mwanzo, na katika familia apatikane kijana aliyekubali kwa kinywa chake kuwarithi.

Na wewe unayesafiri barabara za kaskazini na magharibi, ukimkuta kobe anavuka lami, simamisha gari mahali pa salama, mbebe kwa mikono miwili bila kumgeuza, mvushe upande aliokuwa akielekea, na umwache hapo. Aliye nyumbani hakumtuma mtu amtafutie mwenzake.